Chumba kinangoja, mkono haungoji

Wenzangu wa kitivo wataniuliza kamera ya michezo inahusu nini na isimu. Inahusu, kwa sababu iliwafikisha wahandisi kwenye swali letu la zamani: ishara ya mkono imeundwa na nini?

Microsoft ilianza kuuza Kinect Novemba 2010, pamoja na mashine ya michezo ya Xbox 360. Ndani mna taa inayorusha maelfu ya vidoa vya infraredi visivyoonekana kwa macho, na kando yake, sentimita chache tu, kamera inayoviona. Mahali pa kidoa katika picha hubadilika kufuatana na umbali wa kitu kilichoangukiwa. Hapo kifaa hukokotoa umbali kwa hesabu ya pembetatu, kama wapima ardhi, mara 30 kwa sekunde. Umbali ukiongezeka mara mbili, kosa la kipimo hukua mara nne. Na jua likiingia dirishani, vidoa humezwa.

Mwaka 2011 watafiti wa Microsoft na wa Imperial College ya London walionyesha KinectFusion. Mtu hushika kifaa na kuzunguka chumbani polepole. Kila picha mpya hulinganishwa na umbo lililokwisha kujengwa, ili kompyuta ijue kamera imehamia wapi, kisha vipimo vyote huchanganywa kwa wastani. Ukuta uliopimwa mara mia makosa yake hufutana. Meza na rafu hutokea kwenye skrini zikiwa safi kuliko zilivyoonekana katika picha yoyote moja.

Yote hayo yanawezekana kwa kuwa chumba hakisogei. Mkono haumngoji mpimaji. Kwa mwili wa mtu, Kinect ilifunzwa kwa mifano mingi sana hata ikaweza kukisia viungo 20 kutokana na picha moja tu: kichwa, mabega, viwiko, na kadhalika. Kwa mchezo inatosha. Lakini vidole havimo. Kiganja kizima ni nukta moja.

Sasa tumkumbuke William Stokoe wa Gallaudet, Marekani. Mwaka 1960 alionyesha kwamba ishara za viziwi hupambanuliwa kwa mahali, mwendo na umbo la kiganja, kama sisi tunavyopambanua «pata» na «bata» kwa sauti moja. Kinect ya kwanza ilishika mahali na mwendo, ikapoteza umbo. Ishara mbili zinazotofautiana kwa vidole tu kwake ni neno moja.

Leap Motion, iliyotoka 2013, husoma vidole vilivyo juu ya meza, ila haioni uso. Na katika lugha ya ishara ya Marekani, kuinua nyusi hugeuza maelezo kuwa swali la ndiyo au hapana! Mwenzetu atakayerekodi ishara za viziwi wa mji wetu kwa vifaa hivi asiache kuweka kamera ya kawaida ya video mbele ya uso.