Elimu ya nyumbani yahitaji ratiba, si utajiri

Wahenga walinena kuwa mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Kauli hii huwagusa hasa wazazi walioamua kuwafundisha wana wao nyumbani, ama kwa sababu ya ugonjwa, ulemavu, umbali wa shule, kazi za kuhamahama au kwa hiari yao tu. Wengi wao huandamwa na swali moja: Je, mimi ambaye sikusomea ualimu nitaweza?

Jibu ni kwamba inawezekana, mradi mzazi awe na utaratibu. Shule zilipofungwa kote nchini mnamo Machi 2020 kutokana na janga la korona, karibu kila boma liligeuka darasa. Taasisi ya Ukuzaji Mitaala nchini (KICD) ilipeperusha masomo kupitia redio na runinga, lakini si watoto wote walionufaika sawa. Palipokuwa na mtu mzima wa kuketi na mtoto na kumuuliza alichokisikia, hata redio ndogo ilifaa. Palipokosekana mtu huyo, vifaa vya bei ghali havikusaidia pakubwa.

Jambo la kwanza, basi, ni ratiba. Usijaribu kuiga shule kwa kumfungia mtoto mezani kuanzia asubuhi hadi jioni. Katika mtaala wa umilisi, kipindi cha Gredi ya 1 hadi ya 3 ni cha dakika 30 tu. Mwalimu wa shule huzigawa dakika hizo kwa makumi ya wanafunzi, ilhali wewe una mmoja au wawili. Saa tatu za asubuhi zilizotumiwa vyema zatosha kwa kusoma, kuandika na hesabu. Alasiri iwe ya kazi za mikono, michezo na matembezi.

Pili, tumia vilivyomo nyumbani. Pakiti ya unga ya kilo 2 ikipunguzwa nusu kilo kila jioni, itamalizika baada ya siku ngapi? Swali hilo ni somo la kugawanya ambalo mtoto hatalisahau, kwa kuwa jibu ataliona kwa macho yake jikoni. Mpe daftari aandike bei za sokoni na chenji aliyorudishiwa. Mwache apande maharagwe mkebeni, ayapime kila wiki kwa rula na achore alichokiona. Jioni mtegee vitendawili, kisha naye akutegee vyake. Nyanya na babu nao wamfundishe lugha ya mama na historia ya ukoo.

Aidha, nchi yenyewe ni darasa. Maktaba za umma zipo katika kaunti nyingi. Kwa familia za Pwani, Ngome ya Yesu mjini Mombasa, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka wa 1593, yaweza kumfunza mtoto mengi kuhusu biashara, vita na bahari kwa siku moja.

Hata hivyo, yako mambo mawili yasiyofaa kupuuzwa. Mosi, mtoto anahitaji wenzake. Timu ya kandanda ya mtaani, madrasa, kwaya ya kanisa au familia nyingine zinazosomesha nyumbani zitamfunza kushirikiana, kushindana na kushindwa bila kinyongo. Pale usipolimudi somo, mathalani fizikia, mwombe jamaa au jirani aliyelisomea akusaidie mara moja kwa wiki. Wala si aibu mtoto akikuona wewe mwenyewe ukisoma ili umwelekeze.

Pili ni sheria. Katiba, katika kifungu cha 53, inampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka wa 2013 inamtaka mzazi ahakikishe mtoto amejiunga na shule, na akikaidi bila sababu ya maana anaweza kutozwa faini, kufungwa jela, au adhabu zote mbili. Sheria hiyo haikuweka utaratibu mahususi wa elimu ya nyumbani, na wako wazazi waliowahi kushtakiwa kwa sababu hiyo. Tafuta ushauri wa wakili na wa afisa wa elimu kabla ya kuanza. Ulizia mapema pia kuhusu mitihani, kwani usajili wa mitihani ya kitaifa hupitia shule na vituo vinavyotambuliwa.

Kwa ajili hiyo, weka kumbukumbu. Andika kila siku somo lililofundishwa, hifadhi kazi za mtoto zikiwa na tarehe na umpe jaribio kila mwisho wa mwezi. Kumbukumbu hizo zitakufaa siku utakapoulizwa kama mwanao anasoma, na pia siku atakapohamia shuleni.

Mwisho, zitakuwapo siku mbovu. Mtoto atagoma, nawe utachoka. Usivunjike moyo wala usimlinganishe na mtoto wa jirani. Fungua daftari la miezi mitatu iliyopita, umwonyeshe alipokuwa na alipofika. Haba na haba hujaza kibaba.