Mlo wa Sikukuu na Bata Mzinga wa Nyumbani

Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima, limechapwa ili lisomwe tena darasani

 

Leo nazungumza nanyi nikiwa hapa Kinampanda, katika nchi ya Iramba, Mkoa wa Singida. Nina habari ya jikoni. Akina baba, tafadhali msiondoke. Habari hii ni yenu pia, maana ndani yake mna habari ya ghala, ya fedha, na ya afya ya watoto.

Kila mtu hupenda sikukuu. Siku ya Krismasi, au siku ya Idi, watoto huvaa nguo safi, na ndugu waliokwenda kufanya kazi mbali hurudi nyumbani. Na mgeni akija, lazima pawe na nyama. Hapa kwetu Singida nyama ya sikukuu ni kuku. Kuku wa Singida wana sifa katika nchi nzima. Wachuuzi huwanunua vijijini, wakawapeleka mpaka Dar es Salaam. Lakini siku hizi katika baadhi ya nyua utamwona ndege mwingine, mkubwa, mwenye kichwa kisicho na manyoya, na ngozi nyekundu iningʼiniayo shingoni. Huyo ndiye bata mzinga. Basi, leo tujifunze juu yake.

Bata mzinga alitoka wapi?

Jina lake lina neno bata, lakini yeye si bata wa majini. Asili yake ni Amerika. Watu wa Mexico walimfuga miaka mingi sana kabla Wazungu hawajafika huko. Wahispania walipofika, baada ya mwaka 1500, walimchukua wakampeleka Ulaya, na kutoka huko alienea duniani. Waingereza wengi humla siku ya Krismasi. Wamarekani humla katika sikukuu yao ya Shukrani. Mwaka 1863 Rais Abraham Lincoln alitangaza sikukuu hiyo iwe ya taifa zima, na tangu sheria ya mwaka 1941 huwa Alhamisi ya nne ya mwezi Novemba.

Kwa nini watu wale walimpenda ndege huyu? Sababu ni rahisi: ndege mmoja hutosha watu wengi. Tufanye hesabu. Bata mzinga mwenye uzito wa kilo 6 akiwa hai, ukimchinja na kumsafisha, hubaki na kilo 4 na nusu hivi. Kuku wa kienyeji mwenye kilo 1 na nusu hubaki na kilo 1 na kidogo. Basi bata mzinga mmoja ni kama kuku wanne. Mkiwa watu kumi na wawili mezani, mmoja atawatosha.

Sikukuu isile ghala

Sasa hesabu ya pili, nayo ni kubwa kuliko ya kwanza. Krismasi huja mwezi Desemba. Mwezi huo ni wa namna gani hapa kwetu? Ni mwezi wa mvua na jembe. Mavuno mapya ya mtama na uwele yako mbali, mpaka Mei na Juni. Ghala limeanza kupungua.

Chukua mfano wa nyumba moja. Nyumba hii hula debe moja la nafaka kwa siku kumi. Kwa mwezi mmoja ni madebe matatu. Sikukuu inafika. Mama anatwanga debe moja kwa ugali wa wageni. Baba anatoa madebe mawili yapikwe pombe. Jumla ni madebe matatu. Je, umeona? Kwa siku mbili tatu za furaha, nyumba hii imekula chakula cha mwezi mzima. Mwezi wa Februari wageni wamekwisha kwenda zao, na watoto wanalala na njaa. Baba huyo huyo atakwenda kukopa, na mkopo wa nafaka hulipwa wakati wa mavuno kwa kipimo kikubwa kuliko alichopewa.

Sisemi msifanye sikukuu. Nyumba isiyokaribisha ndugu ni nyumba baridi. Nasema tuhesabu kwanza. Kaeni pamoja, mume na mke, mwezi wa Novemba, mchukue karatasi na kalamu. Andikeni: wageni wangapi, nafaka kiasi gani, ndege wangapi wa kuuza, na wangapi wa kula. Hapo ndipo mtaona faida ya kujua kusoma na kuandika. Kumbukeni kuwa Januari shule hufunguliwa, na watoto huhitaji sare na madaftari. Basi msiuze kuku wote kwa sababu bei ya Desemba ni nzuri, wala msiwachinje wote kwa sababu shemeji amekuja.

Mwenye kutaka bata mzinga kwa Krismasi aanze mapema. Yai la kuku huanguliwa kwa siku 21, lakini la bata mzinga kwa siku 28. Unaweza kuliweka chini ya kuku anayeatamia. Kifaranga aliyetoka mwezi wa Mei au Juni atafaa kuchinjwa Desemba. Lakini angalia mambo mawili. La kwanza, usiwalaze bata mzinga pamoja na kuku. Kuku hubeba minyoo yenye vijidudu ambavyo humwua bata mzinga kwa ugonjwa wa ini, hali kuku mwenyewe anaonekana mzima. La pili ni ugonjwa wa mdondo, ambao wengine huuita kideri. Huo unaweza kumaliza ua mzima kwa wiki moja, nao hauna dawa. Una chanjo tu. Iko chanjo ya matone: tone moja katika jicho la kila ndege, kila baada ya miezi mitatu. Muulizeni bwana mifugo wa kata yenu. Afadhali majirani wote wachanje siku moja, maana ndege wa jirani hawajui mpaka wa ua wako.

Jinsi ya kumpika

Sasa twende jikoni. Fuata mambo haya kwa utaratibu.

Kwanza, mchinje siku ile ile ya kumpika, asubuhi. Hapa kwetu tuna desturi njema: Wakristo wengi humwita jirani Mwislamu achinje, ili wageni wote waweze kula chakula kimoja. Desturi hiyo tuishike.

Pili, mtie katika maji ya moto sana, lakini yasiyochemka. Maji yakichemka, ngozi huchanika. Mnyonyoe manyoya, kisha mbabue juu ya moto ili malaika yaliyobaki yaungue.

Tatu, mpasue, utoe matumbo, na ule mfuko wa chakula ulio shingoni. Angalia nyongo isipasuke, maana ikipasuka nyama huwa chungu. Weka kando ini, moyo na firigisi.

Nne, mkate vipande: mapaja, mabawa, kidari, mgongo na shingo. Ndege mzima huiva nje upesi, na ndani karibu na mfupa hubaki mbichi. Kwa jiko la mafiga au la makaa, vipande ni salama zaidi. Kisu na ubao uliokatia nyama mbichi uvioshe kwa maji moto na sabuni kabla ya kukatia nyanya na matunda.

Tano, paka vipande chumvi, kitunguu saumu na tangawizi iliyopondwa, kama unayo. Acha kidogo. Kisha chemsha kwa maji machache na moto wa polepole, mpaka nyama ilainike. Bata mzinga mkubwa hutaka saa moja na nusu, pengine mawili. Supu usiimwage.

Sita, katika sufuria nene tia mafuta ya alizeti, ambayo mkoa wetu unayo kwa wingi. Kaanga vitunguu vitatu au vinne mpaka viwe vya rangi ya udongo. Panga nyama juu yake, mimina vikombe viwili vya supu, funika. Punguza moto wa chini, kisha palia makaa juu ya kifuniko, kama upaliavyo wali. Baada ya nusu saa nyama itakuwa imegeuka rangi, na harufu itawaita hata walio njiani.

Utajuaje kama imeiva? Choma kwa kisu mahali penye nyama nene, karibu na mfupa wa paja. Maji yakitoka meupe, imeiva. Yakitoka yenye damu, rudisha motoni. Usimwonee haya mgeni mwenye njaa, mwambie angoje.

Neno moja juu ya jiko. Desemba mvua hunyesha, na watu huingiza jiko la makaa ndani na kufunga mlango. Hiyo ni hatari ya mauti. Makaa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu. Fungua mlango na dirisha, wala usilale na jiko la moto chumbani.

Chakula kilicholala

Sasa niwaambie jambo lililotokea nyumbani kwetu nilipokuwa mtoto. Mwaka mmoja, mama na shangazi walitaka kupumzika siku ya Krismasi. Wakapika kuku jioni ya tarehe 24, wakaacha sufuria imefunikwa karibu na mafiga mpaka kesho yake mchana. Kisha wakapasha moto kidogo, tukala, tukafurahi. Usiku ule mdogo wangu wa miaka miwili alianza kuhara na kutapika. Bibi akasema asipewe maji, maana maji yataongeza kuhara. Asubuhi macho yake yalikuwa yameingia ndani, naye akilia machozi hayatoki. Baba alimpeleka zahanati kwa baiskeli katika mvua. Mganga alisema, "Mngengoja mpaka jioni, mngekuja kunionyesha maiti." Mtoto alipona, na leo ni mtu mzima. Lakini mama yangu hakupika tena nyama ya kulala.

Kosa lilikuwa nini? Nyama iliyopikwa, ikikaa katika uvuguvugu, huwa shamba la vijidudu. Vingine huacha sumu ambayo haiondoki hata ukichemsha. Kwa hiyo nyama iliyopikwa isikae zaidi ya saa mbili bila kuliwa, isipokuwa una friji. Kama huna friji, pika kiasi cha kuliwa, na kinachozidi kigawe kwa majirani kikiwa bado cha moto.

Kosa la pili lilikuwa kumnyima mtoto maji. Mtoto anayehara hufa kwa kukaukiwa maji mwilini. Mpe maji haya: lita moja ya maji safi yaliyochemshwa na kupoa, vijiko sita vidogo vya sukari, na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Vijiko viwe vya kusawazishwa, visijae mlima. Mnyweshe kidogo kidogo, na huku mkimpeleka zahanati. Anayenyonya aendelee kunyonya.

Nani ale nini?

Mwisho, tuzungumze juu ya kugawa. Sehemu nyingi za nchi yetu firigisi ni ya baba, na mapaja ni ya wageni wanaume. Mama aliyepika tangu alfajiri hupata shingo, na watoto hulamba mchuzi. Heshima ni jambo jema, nami sitaki baba anyimwe firigisi yake. Lakini mwili unaokua ndio unaohitaji nyama kuliko wote. Ini huongeza damu. Mpe mtoto, au mama anyonyeshaye. Siku ya sikukuu, baba, chukua kipande kizuri cha kidari kwa mkono wako mwenyewe, ukiweke katika sahani ya mkeo mbele ya wageni. Hakuna atakayekucheka. Na akicheka, kesho atafanya vivyo hivyo kwake.

Pamoja na nyama, wekeni ugali wa uwele au wali, na msisahau mlenda. Mlenda si chakula cha shida. Ni mboga yenye nguvu, na mtoto wenu aliyetoka mjini ameukumbuka mwaka mzima.

Basi, wasikilizaji, muda wetu umekwisha. Hesabuni mapema, pikeni viive, gawaneni kwa haki. Nawatakia sikukuu njema. Kwaherini.

Maneno ya kusoma na kuandika

ghala, debe, chanjo, firigisi, kidari, alizeti, kifuniko, zahanati

Maswali ya kuzungumza darasani

1. Nyumba yenu hula madebe mangapi kwa mwezi? Ghala lenu litafika mwezi gani?

2. Utajuaje kama nyama ya paja imeiva?

3. Kwa nini chakula kilichokaa uvuguvugu usiku kucha ni cha hatari, hata kikipashwa moto?

4. Andika vipimo vya maji ya kumnywesha mtoto anayehara. Kibandike kikaratasi hicho ukutani nyumbani kwako.

5. Nyumbani kwenu nani hugawa nyama? Je, mama na watoto hupata sehemu gani?