Pedali ya cherehani ya zamani imekufa: utengeneze au ubadilishe?



Leo naongea na wanaouza nguo za kushona mtandaoni, pamoja na wale wanaouza cherehani zenyewe. Mimi nipo Bariadi. Nanunua cherehani za zamani, fundi wangu anazifufua, halafu naziuza WhatsApp na Facebook kwa wateja wa hapa mjini, Maswa, Meatu, Itilima na Busega. Simu ninayopokea sana ni hii: "Dada, pedali imekufa."

Hapo ndipo watu wanapoteza hela. Mmoja anauza cherehani nzima kwa bei ya chuma chakavu kwa sababu ya kifaa unachoweza kukibeba kwa mkono mmoja. Mwingine anaagiza pedali kwa kuangalia picha tu, inafika, anachomeka, moshi. Twende taratibu.

KWA NINI CHEREHANI YA ZAMANI USIITUPE

Zile Singer nyeusi zenye namba 15K zilitengenezwa Clydebank, Uskoti, kwenye kiwanda kilichofungwa mwaka 1980. Butterfly za Shanghai ambazo mafundi wetu wengi wanazitumia zimefuata muundo huo huo wa Singer 15. Maana yake vipuri vingi vinaingiliana, na kichwa cha chuma kikipata mafuta kinaishi kuliko mwenye nacho. Kinachochoka mapema ni mkanda, nyaya na pedali. Kwa hiyo pedali ikifa, mtaji wako bado upo mezani.

JUA UNAONGELEA PEDALI IPI

Mteja akikuandikia "nataka mguu wa cherehani", usikimbilie kumtajia bei. Anaweza kumaanisha kile kidude kinachokandamiza kitambaa chini ya sindano, stendi nzima ya chuma, pedali ya kukanyaga, au pedali ya umeme ya mota. Mwambie apige picha. Picha moja inaokoa nauli ya mzigo kwenda na kurudi.

PEDALI YA KUKANYAGA

Hii haina umeme, na mara nyingi haijafa. Imechafuka au imelegea.

1. Pedali ni nzito. Toa mkanda kwenye gurudumu kubwa la chini, halafu kanyaga pedali tupu. Ikiwa bado nzito, tatizo lipo chini. Ikiwa nyepesi, tatizo lipo juu kwenye kichwa, pedali unaionea bure.

2. Tatizo likiwa chini, angalia nyuzi zilizojizungusha kwenye ekseli ya gurudumu. Zikate na uzitoe zote. Kiangazi chetu huku kina vumbi, na vumbi likikutana na mafuta ya zamani linakuwa kama gundi. Safisha kwa mafuta ya taa, futa, acha pakauke, kisha weka matone machache ya mafuta ya cherehani. Mafuta ya kupikia usiweke, yanaganda.

3. Inagonga "ko ko ko". Angalia fimbo inayounganisha pedali na gurudumu, na zile skrubu mbili za pembeni zinazoshikilia pedali. Kaza kidogo kidogo mpaka pedali isicheze kushoto na kulia, lakini bado ibembee kwa uhuru. Ukikaza kupita kiasi inakuwa nzito tena.

4. Mkanda unateleza. Mkanda wa ngozi unalegea kwa matumizi. Kata nusu sentimita, toboa, rudisha klipu, jaribu. Bado? Kata nusu nyingine. Ukikata mrefu kwa mara moja, umenunua mkanda mpya.

5. Pedali yenyewe imepasuka. Hapa kuwa makini. Pedali hizi ni chuma cha kumimina. Ukichomelea kwa vijiti vya kawaida vya mageti, mara nyingi inapasuka tena pembeni ya weldingi. Tafuta fundi anayechomelea kwa shaba au kwa vijiti maalumu vya chuma cha kumimina. Kama hayupo, tafuta stendi iliyochakaa na utoe pedali yake. Pima umbali kati ya matundu ya skrubu kabla hujalipa.

PEDALI YA UMEME

Kanuni ya kwanza: chomoa plagi ukutani ndipo uguse. Kuzima swichi tu hakutoshi.

Inavyofanya kazi ni rahisi. Pedali za zamani zinapunguza umeme unaokwenda kwenye mota, nyingine kwa waya wa kupunguza umeme, nyingine kwa visahani vya kaboni vilivyopangwa kama shilingi. Ukikanyaga zaidi, umeme mwingi unapita, mota inakimbia. Ndiyo maana pedali ya aina hii kuwa vuguvugu ni kawaida. Kunuka kuungua sio kawaida.

Mota haizunguki kabisa: jaribu soketi kwa kifaa kingine, kisha mwambie fundi apime waya kwa multimita. Waya hukatika sana pale unapoingia kwenye plagi au kwenye pedali, kwa sababu ndipo unapokunjwa kila siku.

Mota inakimbia bila kukanyagwa: chomoa haraka. Mara nyingi ni kapasita ndogo ndani ya pedali imekufa, au vyuma vya ndani vimegandana. Kapasita inabadilishika, lakini hiyo ni kazi ya fundi umeme.

Waya una mpira unaomeguka kama biskuti: usiunge kwa selotepu. Nyaya zote zibadilishwe. Pedali nyingi za zamani hazina waya wa ethi, na fundi anakaa hapo kutwa nzima, pengine miguu peku. Shoti haina msamaha.

KISA CHA ITILIMA

Desemba moja mteja wangu wa Itilima alinipigia akiwa na presha. Alikuwa ameshapokea malipo ya awali ya sare za shule za watoto wa Januari, na cherehani yake niliyomuuzia ilianza kujiendesha yenyewe kila akichomeka. Fundi wa jirani alimwambia mota imekwisha, anunue cherehani mpya. Hela ya wazazi alikuwa ameshanunulia vitambaa. Akaniambia, "Dada yangu, nikikosa kutoa hizi sare, mwakani hakuna atakayeniamini."

Nilimwomba vidio fupi na picha ya kibati cha mota. Kwenye vidio, mota ilikuwa inazunguka vizuri tu, shida ni kwamba haisimami. Mota iliyokufa haikimbii hivyo. Nikamwambia achomoe, aulegeze mkanda wa mota na kuutoa, halafu arudishe mkanda wa ngozi kwenye gurudumu la chini. Cherehani yake bado ilikuwa na stendi ya kukanyaga. Jioni ile ile alikuwa anashona kwa miguu. Pedali ya volti zile zile ilimfikia baadaye, lakini sare hazikuisubiri.

Toka siku hiyo, mteja akifunga mota namwambia: stendi usiuze. Umeme ukikatika au pedali ikifa, miguu yako ndiyo jenereta.

NITENGENEZE AU NIBADILISHE?

Tengeneza kama tatizo ni uchafu, mkanda, skrubu, waya au kapasita.

Badilisha kama kava limepasuka mpaka nyaya zinaonekana, kama ndani kumeungua, au kama fundi amerekebisha mara mbili na tatizo limerudi.

Ukibadilisha, soma kibati cha mota. Volti zilingane, na uwezo wa pedali usiwe chini ya wa mota. Umeme wetu ni volti 230. Mashine za mtumba kutoka Japani ni za volti 100, na za Marekani ni 110 mpaka 120. Ukizichomeka moja kwa moja hapa, zinaungua. Kubadilisha pedali peke yake hakusaidii, zinahitaji transfoma au mota nyingine. Na ile swichi ya kupunguza mwanga wa taa isigeuzwe pedali, hata fundi akikuapia.

Wakati mwingine kununua seti ya mota, pedali na mkanda vikiwa pamoja ni salama zaidi kuliko kuunganisha vipande vya watu watatu.

UKIPOSTI ILI UUZE

- Andika wazi: ya kukanyaga, ya mota, au zote mbili.
- Weka vidio ya sekunde 20 ikishona kitambaa kweli, kwa pedali ile ile unayouza. Picha ya cherehani iliyofutwa vumbi haimshawishi fundi.
- Piga picha kibati cha mota na waya mzima kuanzia plagi hadi pedali.
- Kama pedali imebadilishwa, sema. Mteja akigundua mwenyewe atafikiri umeficha na mengine.
- Andika idadi ya siku za garantii, na inahusu nini. "Garantii ipo" bila siku ni ugomvi wa kesho.
- Kwenye basi, pedali ya umeme ifungwe peke yake, sio kuning'inia na waya.

Bei pia ipigie hesabu. Tuseme cherehani umeinunua 120,000, pedali na waya 30,000, fundi 15,000, nauli ya mzigo 5,000. Ukiuza 170,000 hujapata kitu, umefanya mazoezi tu. Andika kila gharama kabla hujataja bei.

Na angalia msimu. Huku Simiyu hela inaonekana pamba ikianza kununuliwa, kuanzia Mei hivi, halafu sare zinatafutwa kabla shule hazijafunguliwa Januari. Pedali zako zikaguliwe kabla ya miezi hiyo, sio foleni ikishajaa.

Wewe unayeuza au unayeshona, cherehani yako ina pedali gani na inasumbua wapi? Weka picha hapo chini tusaidiane, na mtumie posti hii fundi mmoja kabla hajapeleka cherehani yake kwenye mizani ya chuma chakavu.