Ushanga mmoja katika damu: somo la protini na mtoto mwenye SS

Watoto wetu wa sekondari, zaidi wale wa seksio ya sayansi, wanarudi nyumbani na madaftari yaliyojaa maneno magumu: protini, asidi amino, hemoglobini. Wengi wetu tunasema hayo ni mambo ya mtihani tu. Lakini somo hilo linaeleza jambo moja ambalo limeleta ugomvi katika nyumba nyingi kwetu: mtoto mwenye SS, ugonjwa ambao waganga wanauita drepanositozi.

Protini ni nini?

Tukisikia protini tunafikiri maharagi, sambaza, mayai na nyama. Ni kweli, imo humo. Lakini hata ndani ya mwili wetu kuna protini za aina nyingi, na kila moja ina kazi yake. Zingine zinajenga misuli, zingine zinasaga chakula tumboni, zingine zinapigana na magonjwa. Hemoglobini, ile inayoipa damu rangi nyekundu, nayo ni protini. Kazi yake ni kuchukua oksijeni kwenye mapafu na kuipeleka mwilini mwote.

Protini imeundwa kama mkufu wa shanga. Kila ushanga ni asidi amino. Aina za shanga hizo ni 20 tu, lakini mpangilio wake ni mwingi sana, kama herufi chache zinavyoandika maneno yote tunayosema. Mkufu huo haubaki umenyooka. Unajikunja mpaka upate umbo lake, na umbo ndilo linaloipa protini kazi yake, kama vile ufunguo unavyofungua kufuli moja. Angalia yai kwenye mafuta ya moto: ute unakuwa mweupe na mgumu, haurudi tena kuwa majimaji. Shanga ni zile zile, mikunjo ndiyo iliyoharibika.

Ushanga wa 6

Hemoglobini ya mtu mkubwa ina mikufu 4: miwili inaitwa alfa, yenye shanga 141 kila mmoja, na miwili inaitwa beta, yenye shanga 146 kila mmoja. Kwa mtoto mwenye SS, ushanga wa 6 wa beta umebadilika. Mahali pa asidi glutamiki pamekaa valini. Ni hilo tu. Mtaalamu Vernon Ingram aliligundua huko Cambridge, Uingereza, mwaka 1956.

Lakini angalia matokeo yake. Hemoglobini hiyo ikishaacha oksijeni, inagandana na zenzake. Chembe ya damu, ambayo ilikuwa ya mviringo na laini, inakuwa ngumu na kupindika kama mundu. Inaziba mishipa midogo, ndiyo maana mtoto analia maumivu ya mifupa. Tena chembe nyekundu ya kawaida inaishi karibu siku 120, lakini hii inakufa baada ya siku 10 mpaka 20. Ndiyo sababu damu inapunguka na macho yanakuwa ya manjano.

Kwa nini alizaliwa mzima?

Hapa ndipo maneno mabaya yanapoanzia. Mtoto anazaliwa vizuri, ananyonya, ananenepa. Akikaribia miezi 6, mikono na miguu inavimba. Watu wanauliza: nani alimbeba? Nani alimwangalia vibaya? Somo la biolojia lina jibu. Akiwa tumboni, mtoto anatumia hemoglobini nyingine, isiyo na mkufu wa beta. Baada ya kuzaliwa, ile inapunguka kidogo kidogo na hemoglobini ya watu wakubwa inachukua nafasi yake. Ugonjwa ulikuwa umo tangu mwanzo, haukuletwa na mgeni wala na uchawi.

Wala haukuletwa na mama peke yake. Mtoto wa SS amepokea S moja kwa baba na S moja kwa mama. Mara nyingi wazazi wote wawili ni AS, wazima kabisa, hawajui. Kwa hiyo baba anayesema «kwetu ugonjwa huo haupo» hajapima damu yake. Wazazi wakiwa AS wote wawili, kila mimba ina nafasi 1 kati ya 4 ya kuzaa mtoto wa SS. Wanaweza kupata wazima watatu wakifuatana, au wagonjwa wawili.

Tufanye nini?

Vijana wanaotaka kuoana wapime mapema, kabla ya mahari kutolewa. Kipimo kinaitwa elektroforezi ya hemoglobini. Mmoja akiwa AA, hawatazaa mtoto wa SS.

Mwenye mtoto wa SS, mpe maji mengi ya kunywa, mkinge na baridi, alale ndani ya chandarua, apate chanjo zote na dawa alizoandikiwa. Akipata homa, usingoje asubuhi, mpeleke kwenye kituo cha afya mara moja.

Na sisi katika vikundi vyetu, mwenzetu akifukuzwa au akitukanwa kwa sababu ya mtoto huyo, twende watatu au wanne kwa familia ya bwana, tuwaeleze habari ya ushanga wa 6. Tumchukue pia kijana mmoja mwenye daftari la biolojia, awachoree.