Upinde Mfupi wa Kuwindia: Pima Mvuto Wako Kabla ya Kulipa

Msimu wa kuwinda kwa upinde unapokaribia, wakazi wengi wa Colorado huingia madukani kutafuta upinde wao wa kwanza. Miongoni mwao wamo wasomaji wetu wa Kiswahili waliotoka Kongo, Burundi, Tanzania na Kenya, ambao baadhi yao walikulia mahali ambapo upinde si kitu cha kigeni. Makala haya yanahusu upinde mfupi wa jadi, yaani ule usio na kapi wala magurudumu, unaovutwa kwa nguvu za mkono peke yake. Lengo letu ni kumsaidia mnunuzi achague upinde ambao mkono wake unaumudu, ambao sheria inauruhusu, na ambao hautamwacha mnyama akitangatanga porini na jeraha.

Jambo kubwa tunalotaka msomaji alikumbuke ni hili: namba iliyoandikwa kwenye upinde haikupimwa kwa mkono wako. Ilipimwa kiwandani kwa kipimo kimoja cha watu wote. Mnunuzi asiyelijua hilo huweza kulipia nguvu asiyoipata, au kubeba nguvu asiyoiweza.

Maana ya namba iliyo kwenye upinde

Karibu kila upinde wa jadi unaouzwa Marekani huwa na maandishi mafupi karibu na mpini, kwa mfano 40# @ 28". Maana yake ni kwamba ugwe ukivutwa hadi inchi 28 (sentimita 71), upinde huo humtaka mvutaji atumie nguvu ya paundi 40, sawa na kunyanyua mzigo wa kilo 18. Nguvu hiyo ndiyo tunayoiita uzito wa mvuto. Zile inchi 28 ndizo urefu wa mvuto.

Si kila mtu anayevuta hadi inchi 28. Mtu mfupi, au mwenye mikono mifupi, huweza kuishia inchi 25 au 26. Mrefu hufika 29 au 30. Kwa kila inchi inayopungua au kuzidi, uzito wa mvuto hubadilika kwa takriban paundi 2 hadi 3. Hivyo upinde uleule ulioandikwa paundi 40 humpa anayevuta inchi 26 kiasi cha paundi 34 hadi 36, na anayevuta inchi 25 kiasi cha paundi 31 hadi 34. Anayevuta inchi 30 hukutana na paundi 44 hadi 46, nao ni mzigo mwingine kabisa.

Hesabu hii ina uzito wa pekee hapa Colorado, kwa sababu sheria ya jimbo inataka upinde wa kuwindia wanyama wakubwa uwe na uzito wa mvuto usiopungua paundi 35. Mnunuzi mwenye mvuto wa inchi 25 anayechukua upinde wa paundi 40 huamini kuwa ameuvuka mpaka huo kwa mbali, ilhali nguvu inayoufikia mshale wake iko chini yake. Ushauri wetu ni kwamba kila mwindaji afanye hesabu kwa mvuto wake mwenyewe, asitegemee maandishi peke yake.

Namna ya kupima mvuto wako

Mwombe muuzaji akupe upinde mwepesi, wa paundi 20 au 25, pamoja na mshale mrefu uliotiwa alama za inchi. Simama wima, vuta taratibu hadi kidole kiguse pembe ya mdomo, mahali utakapokuwa ukishikilia kila unapolenga. Mtu wa pili asome alama iliyofikia sehemu ya ndani kabisa ya mpini, pale kiganja kinapousukuma upinde. Umbali huo, kuanzia kwenye pengo la mshale linalokamata ugwe, uongezewe inchi 1 na robo tatu. Jumla yake ndiyo urefu wa mvuto kwa kipimo kinachotumiwa na viwanda.

Rudia mara tatu. Watu wengi huvuta kupita kiasi wakijua wanatazamwa, na mara ya tatu ndipo mkono huonyesha kawaida yake.

Faida na gharama ya ufupi

Pinde za jadi za kuwindia zinazopatikana kwa wingi huwa na urefu wa inchi 58 hadi 64, zikipimwa kwa kufuata umbo la upinde kutoka ncha hadi ncha. Zilizo chini ya inchi 58 kwa kawaida huitwa fupi, na zile zilizoigwa kutoka pinde za wapanda farasi wa Hungaria na Asia huweza kuwa za inchi 50 au chini yake.

Faida ya ufupi ni dhahiri. Mwindaji aliyeketi ndani ya kibanda cha turubai, aliyepiga magoti kichakani, au aliyepanda juu ya mti, huugeuza upinde bila kugonga matawi. Anayetembea siku nzima milimani hubeba mzigo mdogo.

Hata hivyo, ufupi una gharama zake, nazo ni tatu. Kwanza, ugwe wa upinde mfupi ukivutwa hufanya pembe kali na kuvibana vidole. Kwa mwenye mvuto mrefu, kubanwa huko huharibu namna anavyouachilia mshale. Pili, pinde fupi nyingi huwa ngumu ghafla katika inchi za mwisho, na kila inchi huongeza zaidi ya zile paundi 2 au 3 tulizozitaja. Tatu, upinde mfupi ni mwepesi kuyumba. Kosa dogo la mkono ambalo upinde mrefu ungelistahimili, huu huonekana shabahani.

Kwa hiyo tunashauri hivi. Mwenye mvuto wa inchi 26 au pungufu anaweza kuchukua upinde wa inchi 52 hadi 56 bila taabu kubwa. Mwenye mvuto wa inchi 28 au zaidi, hasa anayeanza, afadhali asishuke chini ya inchi 58 au 60. Na kila mnunuzi aulize swali moja kabla ya yote: “Mtengenezaji ameruhusu upinde huu uvutwe hadi inchi ngapi?” Upinde ukivutwa kupita kikomo chake huweza kupasuka mkononi.

Uzito unaoumudu, si unaousifu

Mnunuzi hukutana na ushauri mwingi wa kuchukua paundi 50 au 55, mara nyingi kutoka kwa mtu aliyevuta kwa miaka mingi. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Upinde wa kapi humpunguzia mvutaji sehemu kubwa ya uzito anapofika mwisho wa mvuto, lakini upinde wa jadi haumpunguzii chochote. Hapo mwisho ndipo mzigo unapokuwa mzito kuliko mahali pengine popote, na ndipo mwindaji anapotakiwa atulie na kulenga.

Jaribio rahisi ni hili. Vuta upinde hadi mwisho, ushikilie huku ukihesabu polepole hadi kumi, kisha uurudishe taratibu bila kuuachilia. Fanya hivyo ukiwa umesimama, kisha ukiwa umeketi kitini, kwa kuwa porini huenda usipate nafasi ya kusimama. Ikiwa mkono unatetemeka kabla ya tano, au inakubidi uuinue upinde juu angani ndipo uweze kuuvuta, uzito huo haukufai kwa sasa.

Wengi wa wanaoanza hujifunza vyema kwa paundi 25 hadi 30, kisha hupanda hadi 40 au 45 za kuwindia. Kwa sababu hiyo upinde unaofunguka, ambao mikono yake miwili hufungwa kwa skrubu kwenye mpini, ni ununuzi wa busara: mikono mizito zaidi hununuliwa baadaye, na mpini hubaki uleule.

Mshale wa huku hufanya kazi kwa kukata

Wasomaji wanaowafahamu Wahadzabe wa kando ya Ziwa Eyasi, au wawindaji wa Ukambani wa zamani, wanajua kwamba mshale wa kule mara nyingi ulipakwa sumu ya mimea, na sumu ndiyo iliyommaliza mnyama. Hapa Colorado kuwinda kwa sumu ni marufuku. Mshale hufanya kazi kwa njia moja tu: chembe kali ya chuma inayokata mapafu au moyo na kumwaga damu upesi. Mshale uliorushwa kwa nguvu ndogo, au wenye chembe butu, humjeruhi kulungu bila kumwangusha. Mnyama huyo huenda mbali, hufa kwa mateso, na nyama yake haimfikii mtu.

Ndiyo maana sheria ya jimbo inataka chembe ya mshale wa kuwindia wanyama wakubwa iwe na upana usiopungua inchi 7/8 (milimita 22 hivi) na angalau makali mawili ya chuma cha pua. Uzito wa mshale nao ni muhimu. Mshale mwepesi mno hauingii vyema, tena huurudishia upinde mshtuko unaoudhoofisha. Wawindaji wa jadi wengi huchukua gramu 0.5 hadi 0.65 za mshale kwa kila paundi ya mvuto. Kwa upinde wa paundi 40, mshale mzima pamoja na chembe yake uwe wa gramu 20 hadi 26. Usishuke chini ya kiwango kilichoandikwa na mtengenezaji wa upinde wako.

Kukagua upinde uliotumika

Upinde wa mkono wa pili waweza kuwa mali nzuri kwa bei nafuu, mradi ukaguliwe mbele ya muuzaji. Upitishe kitambaa cha pamba juu ya mikono yote miwili. Kikinasa, huenda pana ufa. Utazame kwa urefu, ugwe ukiwa umefungwa: ugwe upite katikati ya kila mkono. Ukienda upande, mkono umepinda. Angalia ncha zinaposhika ugwe. Pinde nyingi za zamani hazikuimarishwa hapo, nazo zahitaji ugwe laini wa Dacron, si nyuzi za kisasa zisizonyumbuka.

Muuzaji akikuzuia usiuvute wala usiukague, acha ununuzi huo.

Baada ya kununua

Usiuachilie ugwe kamwe bila mshale. Nguvu ambayo ingeondoka na mshale hurudi kwenye mikono ya upinde na huweza kuivunja, na dhamana nyingi hazilipii uharibifu wa namna hiyo. Tumia kamba maalumu ya kufungia ugwe. Kuukunja upinde kwa kuuvukia mguu ndiko kunakopinda mikono ya pinde nyingi. Usiuache ndani ya gari juani, kwa maana joto hulegeza gundi inayoshikanisha tabaka zake. Hifadhi risiti na karatasi ya dhamana pamoja.

Kabla ya msimu, jipime kwa sahani ya karatasi yenye upana wa sentimita 23, ambao unakaribia ukubwa wa sehemu ya moyo na mapafu ya kulungu. Umbali ambao mshale wako wa kwanza wa siku, kabla mkono haujapata moto, huipata sahani hiyo kila mara, ndio kikomo chako porini. Kwa wengi wanaotumia upinde wa jadi, kikomo hicho ni mita 14 hadi 18. Mnyama aliye mbali zaidi aachwe apite.

Leseni na sheria

Upinde hauhitaji kibali kuununua, lakini kuwinda kunahitaji leseni. Yeyote aliyezaliwa tarehe 1 Januari 1949 au baada yake lazima awe na cheti cha mafunzo ya uwindaji kabla ya kununua leseni hiyo. Sheria hutofautiana kati ya jimbo na jimbo: Minnesota, kwa mfano, huruhusu kulungu kuwindwa kwa upinde wa paundi 30, ambao hapa hautoshi. Anayehamia, au anayekwenda kuwinda jimbo jingine, asome kijitabu cha mwaka huo cha jimbo husika.

Maswali ya kujiuliza kabla ya kulipa

1. Nimepima urefu wa mvuto wangu mara tatu?
2. Kwa mvuto huo, upinde huu unanipa paundi ngapi hasa, na je, hazipungui 35?
3. Mtengenezaji ameruhusu uvutwe hadi mvuto wangu?
4. Nimeushikilia kwa hesabu ya kumi, nikisimama na nikiketi?
5. Nimekagua mikono, ncha na ugwe?
6. Nimepewa risiti na masharti ya dhamana kwa maandishi?

Jibu la hapana kwa swali lolote ni sababu ya kutosha ya kuuliza zaidi, au kurudi siku nyingine. Leta kijitabu hiki dukani na umwonyeshe muuzaji ukurasa huu. Muuzaji anayeijua kazi yake hatakasirika.