Mwindaji aliyepasuliwa arudi lini porini?

KILA ifikapo Novemba 15, jimbo la Michigan, kaskazini mwa Marekani, huamka kabla ya alfajiri. Siku hiyo ndiyo hufunguliwa msimu wa siku 16 wa kuwinda kulungu kwa bunduki, na zaidi ya watu nusu milioni jimboni humo huwa wamekata leseni. Zipo hata shule zinazofungwa, kwa kuwa walimu na wanafunzi huwa wamefuatana na wazazi wao porini.

Miongoni mwa wanaovaa fulana za rangi ya chungwa, ambazo sheria huwataka wawindaji wazivae ili waonekane na wenzao, wamo watu ambao miezi michache tu nyuma walikuwa wamelala hospitalini. Yupo aliyepasuliwa kifua ili arekebishwe mishipa ya moyo, aliyewekewa nyonga bandia, aliyeshonwa kano za bega, na yupo aliyevunjika mguu katika msimu uliopita kwa kuanguka kutoka mtini.

Kwa watu hao, kukosa msimu mmoja si jambo dogo. Kambi ya mawindo ndiko ndugu na marafiki wa miaka mingi hukutana, na nyama ya kulungu mmoja hulisha familia kwa wiki kadhaa za majira ya baridi. Ndiyo maana swali ambalo madaktari wa jimbo hilo huulizwa mara kwa mara kila vuli ni moja: Je, naweza kwenda?

Jibu si jepesi, kwa sababu kuruhusiwa kutoka hospitali hakuna maana ya kuruhusiwa kwenda kuwinda. Mtu anayetembea vizuri nyumbani na kupanda ngazi bila taabu anaweza kushindwa vibaya katika msitu wenye theluji.

Kazi ya moyo

Jambo la kwanza ambalo wawindaji wengi hulipuuza ni mzigo unaobebwa na moyo. Kuwinda kulungu huonekana kuwa kazi ya kukaa na kusubiri, lakini kipimo kilionyesha vinginevyo.

Katika utafiti uliofanywa Michigan na kuchapishwa mwaka 2007, wanaume 25 walivalishwa vifaa vya kunasa mwenendo wa mapigo ya moyo wakiwa mawindoni. Kati yao, 17 walikuwa wakijulikana kuwa na ugonjwa wa mishipa ya moyo. Ilibainika kuwa baadhi yao mapigo yalipanda kuliko yalivyofikia walipopimwa hospitalini kwenye mashine ya kukimbilia, hadi mwisho wa uwezo wao.

Sababu zake ni kadhaa na huja kwa pamoja. Baridi kali hubana mishipa ya damu na kupandisha shinikizo lake. Nguo nzito na viatu vya theluji huongeza uzito wa kila hatua. Mnyama anapojitokeza, msisimko pekee huufanya moyo uende mbio hata kama mwindaji hajainuka alipoketi.

Hata hivyo, hatari kubwa zaidi huja baada ya risasi kulenga. Dume la kulungu aliyekomaa anaweza kuzidi kilo 70, na hata akishatolewa matumbo hubaki mzigo wa kukokotwa kwa mikono, mara nyingi na mtu mmoja, juu ya magogo na vilima. Kazi hiyo humfika mwindaji akiwa amechoka, ana baridi na amefurahi, na kwa mtu ambaye moyo wake haujapona sawasawa ni mkusanyiko mbaya.

Kwa sababu hiyo, mgonjwa wa moyo hushauriwa kwanza amalize mpango wa mazoezi ya kurejesha afya ya moyo, ambao nchini Marekani kwa kawaida huwa na vipindi 36, kisha apimwe tena uwezo wake kabla ya kufikiria msitu.

Teke la bunduki

Aliyepasuliwa kifua ana tatizo jingine. Katika upasuaji huo mfupa wa kidari hukatwa katikati, kisha hufungwa kwa nyaya za chuma. Mfupa huo huhitaji takriban wiki sita hadi 12 kuunga, na katika kipindi hicho mgonjwa hukatazwa kuinua vitu vizito, kusukuma na kuvuta.

Bunduki inapolia, kitako chake hurudi nyuma na kuligonga bega kwa nguvu, jambo ambalo wawindaji huliita teke. Teke hilo hupita begani na kufika kifuani. Kwa mfupa ambao haujaunga, pigo moja linaweza kuharibu kazi ya wiki kadhaa.

Waliowekewa kifaa cha kuratibu mapigo ya moyo, au kile cha kuushtua moyo unapokwenda mrama, wanapaswa kuwa waangalifu zaidi. Kifaa hicho huwekwa chini ya ngozi, karibu na mtulinga, na mara nyingi huwa upande wa kushoto. Nyaya zake hupita eneo lile lile ambalo kitako cha bunduki huegemezwa na mtu anayelenga kwa bega la kushoto, na zinaweza kukatika au kuchomoka kwa kugongwa.

Tatizo hilo huepukika kwa urahisi likisemwa mapema. Mwindaji anapaswa kumweleza daktari kabla ya upasuaji kuwa yeye hupiga bunduki, na kwa bega lipi, ili kifaa kiwekwe upande wa pili. Baada ya upasuaji nafasi hiyo huwa imepita.

Mfano unaojulikana sana wa mwindaji mwenye kifaa cha namna hiyo ni Dick Cheney, aliyekuwa Makamu wa Rais wa Marekani. Aliwekewa kifaa cha kushtua moyo mwaka 2001, akaendelea kuwinda ndege. Februari 2006 huko Texas alimpiga marisau kwa bahati mbaya mwindaji mwenzake, Harry Whittington, aliyekuwa na umri wa miaka 78. Siku chache baadaye Whittington alipata mshtuko mdogo wa moyo, kwa sababu chembe moja ya risasi ilikuwa imefika karibu na moyo wake. Alipona, na aliishi hadi mwaka 2023.

Bega, nyonga na ulingo

Kwa wanaotumia upinde, mtihani mkubwa ni bega. Kuuvuta upinde wa kisasa wa kuwindia kulungu huhitaji nguvu ya kilo 20 hadi 30. Aliyeshonwa kano za bega hufungwa mkono kwa wiki nne hadi sita, huanza mazoezi ya nguvu kiasi cha miezi mitatu baadaye, na huweza kuhitaji miezi sita au zaidi kabla ya kuvuta uzito huo. Aliyepasuliwa Agosti, kwa hesabu hiyo, hana upinde msimu huo.

Mwenye nyonga bandia hukabiliwa na ardhi yenyewe. Katika miezi ya mwanzo kiungo hicho kinaweza kuteguka kwa kuchuchumaa, kujipinda au kuruka gogo, na hayo yote ni mambo ya kawaida msituni.

Ulingo wa juu ya mti ni hatari kwa wote. Kuanguka kutoka katika ulingo ni miongoni mwa sababu kubwa za majeraha kwa wawindaji wa kulungu nchini Marekani, hata kwa wenye afya njema. Anayerejea kutoka katika majeraha anashauriwa kuwinda akiwa chini, katika kibanda cha kujificha, na asipande mti hata akiwa na mkanda wa usalama.

Dawa nazo zisisahauliwe. Dawa kali za maumivu huleta usingizi na kupunguza umakini, na anayezitumia hapaswi kugusa silaha. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda naye ajue kuwa jeraha dogo la kisu wakati wa kuchuna linaweza kutoka damu kwa muda mrefu, mbali na msaada.

Kuwinda kwa namna nyingine

Wanaorejea salama ni wale wanaokubali kubadili namna ya kuwinda. Wapo wanaohamia bunduki yenye teke dogo, au upinde wenye kitako na kifyatulio, usiohitaji kuvutwa na kushikiliwa kwa mkono. Huenda na mwenzao, humwachia mtu nyumbani ramani ya mahali watakapokuwa, na kazi ya kumkokota mnyama huwaachia vijana.

Sheria za Michigan nazo huwasaidia wenye ulemavu. Wanaokidhi masharti wanaweza kupewa kibali cha kuwinda wakiwa ndani ya gari lililosimama, na zimetengwa siku maalumu mwezi Septemba na Oktoba, kabla ya baridi kali kuanza.

Suala hili linaigusa pia Afrika Mashariki. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, lakini Tanzania hupokea wawindaji wa kitalii, wengi wao Wamarekani, na baadhi huwa na umri mkubwa na historia ndefu ya matibabu. Nyati na tembo huwindwa kwa bunduki kubwa, za .375 na kuendelea, ambazo teke lake ni zito kuliko la bunduki ya kulungu. Aidha, vitalu vingi viko mbali na hospitali kubwa, na mgonjwa mahututi hulazimika kusubiri ndege, zikiwamo za AMREF Flying Doctors za Nairobi.

Kwa mwindaji, jambo gumu zaidi huwa ni kubaki nyumbani asubuhi ya kwanza, akisikiliza magari ya wenzake yakiondoka gizani. Lakini wahenga walisema mwenda pole hajikwai. Novemba 15 hurudi kila mwaka, na aliyeupa mwili wake muda wa kupona ndiye mwenye nafasi nzuri ya kuiona nyingine akiwa porini.