KIKOMBE CHA MKOJO HAKISEMI YOTE

Habari hii ni ya Marekani, lakini funzo lake linamhusu kila mtu aliye chini ya mwajiri.

Tarehe 26 Mei 2012, mjini Miami, jimbo la Florida, mtu mmoja aliyekuwa uchi alimvamia mzee asiye na makao kando ya barabara, akamtafuna uso kwa dakika 18 hivi. Polisi walimpiga risasi, akafa. Mzee aliokoka lakini akawa kipofu.

Maiti haijapimwa bado, kiongozi wa chama cha polisi wa mji huo alisema huenda mtu yule alitumia "chumvi za kuogea". Jina hilo ni la kukwepa sheria tu. Ni dawa za kulevya za kutengenezwa kwa kemikali, jamaa ya kathinoni iliyomo katika majani ya miraa, ila zina nguvu zaidi. Magazeti yakaishika kauli hiyo, na watu wakaamini.

Tarehe 27 Juni 2012 majibu ya maabara yalitoka. Ilionekana bangi peke yake. Maabara ya pili ikathibitisha kwamba "chumvi" hizo hazikuonekana.

Wengine waliuliza: je, hakuwa na dawa mpya isiyojulikana? Swali hilo halikuwa la kipuuzi, maana kipimo hukuta kile tu kilichoundwa kukitafuta. Ni kama ufunguo na kufuli. Mkemia akibadili sehemu ndogo ya dawa, ufunguo wa zamani haufungui. Umoja wa Mataifa umekwisha kuandika dawa mpya za namna hiyo zaidi ya 1,000.

Hapo ndipo sisi wafanyakazi tunapoingia. Tangu miaka ya 1980, waajiri wengi wa Marekani wamepima mkojo wa wafanyakazi. Kipimo kilichozoeleka kilitafuta aina tano: bangi, kokeini, jamii ya kasumba, amfetamini na PCP. Mwaka 2008 wakemia waligundua kwamba majani yaliyouzwa Ulaya kwa jina la Spice yalinyunyiziwa kemikali zinazolevya kama bangi. Aliyeyavuta aliweza kupita kipimo cha bangi bila kukamatwa. Mwezi Julai 2016, huko Brooklyn, New York, watu 33 walipumbazwa na dawa ya jamii hiyo hata wakatembea kama misukule. Ilibidi wataalamu wa chuo kikuu huko California waichambue damu kwa mashine kubwa ndipo ikajulikana.

Upande wa pili, asiye na hatia huweza kunaswa. Mwenye kifua aliyekunywa dawa ya kikohozi yenye kodeini huweza kuonekana mtumiaji wa kasumba. Tena dalili za bangi hukaa katika mkojo siku nyingi, kwa hiyo kikombe hakiwezi kusema kama mtu alikuwa amelewa kazini.

Basi siku mwajiri akileta vikombe, tawi lidai mambo haya:

1. Mtu asifukuzwe kwa kikombe kimoja. Majibu yathibitishwe katika maabara kwa mashine inayotambua kila kemikali.

2. Mkojo ugawanywe sehemu mbili, moja ifungwe kwa lakiri mbele ya mfanyakazi na mjumbe wa tawi.

3. Mfanyakazi aulizwe kwanza dawa alizopewa hospitali.

4. Majibu yawe siri yake, yasitangazwe getini.

Nasi tusijidanganye. Majibu safi si ushahidi kwamba mtu ni mzima. Mwenzako akipepesuka mbele ya mashine au ameshika panga shambani, mwondoe hapo, mpeleke zahanati. Huenda ni dawa, huenda ni malaria, huenda ni kichwa kilichochoka kwa zamu mbili mfululizo. Kazi ya kupima tuwaachie wenye maabara, nasi tusimhukumu mwenzetu kwa uvumi.